Kadi ya Kijani na Mlango wa Kurudi: Historia ya Ukaazi wa Kudumu Nchini Marekani

Katika sheria za uhamiaji za Marekani, ukaazi wa kudumu ni hadhi anayopewa mtu asiye raia ili aishi na kufanya kazi nchini humo bila kuwekewa kikomo cha muda, huku akiendelea kuwa raia wa nchi aliyotoka, bila haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa na bila kinga kamili dhidi ya kuondolewa nchini. Hadhi hiyo huthibitishwa na kitambulisho kinachojulikana dunia nzima kwa jina la kadi ya kijani, na katika miji ya Afrika Mashariki, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, wako watu wengi ambao wamewahi kujaza fomu ya kukitafuta au wana ndugu aliyefanya hivyo. Historia ya kadi hiyo inaonyesha jambo ambalo waombaji wengi hawaambiwi mapema: haikubuniwa ili kumpa mgeni utulivu, bali ilitokana na juhudi za serikali za kumhesabu mgeni, kumtambua na kumfuatilia, na kwa zaidi ya karne moja hadhi yake imepata majaribu makali zaidi siku mwenye nayo alipotoka nje ya nchi na kutaka kurudi kuliko siku alipoingia mara ya kwanza.

Katika karne ya kwanza ya taifa la Marekani hapakuwa na hadhi ya aina hiyo kwa kuwa haikuhitajika. Mgeni aliyeshuka melini katika bandari ya New York, Philadelphia au Baltimore alihesabiwa kuwa mkaazi tangu siku alipokanyaga nchi kavu, na sheria ya serikali kuu ilimhusu hasa pale alipotaka uraia wa tajnisi, yaani uraia unaopatikana kwa maombi na kiapo, si kwa kuzaliwa. Sheria ya kwanza ya tajnisi, ya mwaka 1790, ilidai miaka miwili ya kuishi nchini na iliwahusu watu huru weupe peke yao. Mwaka 1795 miaka hiyo ilipandishwa kuwa 5, mwaka 1798 ikafikishwa 14, na mwaka 1802 ikarudishwa kuwa 5, kiwango ambacho waombaji wengi wanakifuata hadi leo. Watu wenye asili ya Afrika waliruhusiwa kuomba uraia huo mwaka 1870, miaka 5 baada ya kukomeshwa kwa utumwa. Watu wa Asia hawakutajwa katika sheria hizo, na ni kwao ambako hati za kwanza za ukaazi zilianzia.

Wachina walikuwa wamefika California kwa maelfu tangu miaka ya 1850, wakichimba dhahabu, wakilima, wakifua nguo na baadaye wakitandika reli iliyoiunganisha pwani ya magharibi na majimbo ya mashariki. Kazi zilipopungua, chuki dhidi yao iligeuka kuwa sera, na mwaka 1882 Kongresi, yaani bunge la Marekani, ilipitisha sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Wale waliokuwa wamekwisha kuwamo waliachwa wabaki, na yeyote kati yao aliyetaka kwenda kwao kuwaona wazazi au kuoa alipewa na maofisa wa forodha cheti cha kumruhusu kurejea. Cheti hicho ndicho kinachoweza kuitwa babu wa kadi ya kijani, kwa maana kilimtenganisha mgeni mwenye haki ya kuishi nchini na mgeni asiye na haki hiyo, kikaifanya karatasi kuwa ushahidi wa maisha ya mtu.

Ushahidi huo ulidumu miaka 6 tu. Chae Chan Ping, kibarua aliyeishi San Francisco tangu mwaka 1875, alisafiri kwenda China Juni 1887 akiwa na cheti chake mkononi, na Septemba 1888 akapanda meli ya Belgic huko Hong Kong ili arudi. Alipokuwa bado baharini, Oktoba 1, 1888, sheria mpya ilitiwa saini iliyofuta vyeti vyote vya kurejea, takriban 20,000 kwa jumla, na meli ilipotia nanga San Francisco wiki moja baadaye maofisa walimwambia kwamba karatasi aliyopewa na serikali hiyo hiyo haikuwa na thamani tena. Alishtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1889 majaji wote kwa kauli moja waliamua kwamba ruhusa ya mgeni kurudi ni ridhaa ya serikali ambayo inaweza kuondolewa wakati wowote. Mtu aliyekuwa ameishi mahali pamoja kwa miaka 12, ambaye hakuvunja sheria yoyote, alirudishwa alikotoka kwa sababu ya tarehe. Hukumu hiyo haijafutwa, na mawakili wa serikali ya Marekani wanaendelea kuitaja katika kesi za uhamiaji mpaka sasa.

Miaka mitatu baada ya hukumu hiyo, mkazo ulihama kutoka kwa waliosafiri hadi kwa waliobaki. Sheria ya Mei 1892, iliyopewa jina la mbunge Thomas Geary wa California, iliwalazimisha vibarua wote wa Kichina waliokuwa ndani ya nchi kujiandikisha katika muda wa mwaka mmoja na kupata cheti cha ukaazi. Aliyekamatwa bila cheti angeweza kufungwa na kazi ngumu kwa muda usiozidi mwaka mmoja na kisha kufukuzwa, isipokuwa athibitishe kwamba alizuiwa na sababu ya msingi na amlete angalau shahidi mmoja mweupe mwenye kuaminika wa kuthibitisha ukaazi wake. Msomaji wa Kenya atakikumbuka kipande, hati yenye alama za vidole ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuibeba kuanzia mwaka 1919 na 1920, mara nyingi ikiwa katika kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Tofauti ni kwamba kipande kilimfanya mwenyeji awe mgeni katika nchi yake, na cheti cha 1892 kilimwandama mgeni mahali alipokuwa amekwisha kupafanya kwake; lakini katika yote mawili mzigo wa kuthibitisha ulikuwa juu ya mtu, na askari yeyote aliweza kuidai hati hiyo barabarani.

Vyama vya Wachina vya San Francisco viliwahimiza watu wao wasijiandikishe, na wengi mno waliitikia, kiasi kwamba kukataa huko ni miongoni mwa migomo mikubwa ya kisheria katika historia ya nchi hiyo. Kesi iliyofunguliwa ili kuipinga sheria, ikiwa na jina la Fong Yue Ting, iliamuliwa Mei 1893 kwa majaji 5 dhidi ya 3, na walioipinga wakashindwa. Mmoja wa walalamikaji, Lee Joe, alikuwa ameomba cheti akanyimwa kwa kuwa mashahidi wake wote walikuwa Wachina, na Mahakama haikuona kosa katika hilo. Ilieleza kwamba kumfukuza mgeni si adhabu, kwa hiyo kinga za kikatiba anazopewa mshtakiwa wa jinai hazimhusu. Baada ya hapo Kongresi iliongeza muda wa miezi 6, ikaongeza pia sharti la picha, na zaidi ya watu 100,000 wakajiandikisha.

Wazungu waliohamia Marekani hawakuguswa na karatasi za namna hiyo kwa miaka mingine 30. Hali ilibadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sheria za mwaka 1921 na 1924 zilipoleta migawo, yaani idadi maalumu ya wahamiaji walioruhusiwa kutoka kila nchi kwa mwaka, na sheria ya 1924 ikadai viza itolewe na ubalozi mdogo wa Marekani kabla ya safari. Migawo hiyo ilipimwa kwa makusudi ili kupendelea Ulaya ya kaskazini na magharibi. Afrika Mashariki inaonekana katika orodha iliyotangazwa Juni 1924: Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, ilipewa nafasi 100 kwa mwaka, na Ruanda-Urundi, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, ikapewa 100 vilevile, kiwango cha chini kabisa kilichowekwa kisheria, huku watu wa Kenya, ambayo ilikuwa koloni, wakihesabiwa ndani ya mgawo wa Uingereza. Nafasi hizo za Tanganyika hazikuwa na maana kubwa kwa mkulima wa Moshi au Tukuyu ambaye hakuwa na pasi wala nauli ya meli, lakini ndizo za kwanza ambazo sheria ya Marekani ilizitenga kwa jina la nchi hiyo.

Kuwepo kwa viza kulizaa swali la watu ambao walikuwa wameingia zamani bila kumbukumbu yoyote. Sheria ya Machi 1929 ililijibu kwa kuanzisha utaratibu wa usajili, ambao ulimruhusu mtu aliyeishi nchini mfululizo tangu kabla ya Juni 1921, mwenye tabia njema, kulipa dola 20 na kuandikwa kuwa mkaazi halali. Utaratibu huo bado umo katika sheria, na tarehe yake ilisogezwa mbele mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 1986 ilipowekwa Januari 1, 1972. Tangu hapo haijasogezwa tena, kwa hiyo kifungu kilichokuwa mlango wa huruma kwa walioishi nchini miaka isiyopungua 8 kwa sasa kinamdai mwombaji zaidi ya nusu karne. Kati ya mambo yote ambayo Kongresi imeyaacha bila kuyagusa, hili ndilo lisilo na utetezi wowote.

Kadi yenyewe ilizaliwa na hofu ya vita. Juni 28, 1940, siku chache baada ya Ufaransa kusalimu amri mbele ya Ujerumani, Rais Franklin Roosevelt alitia saini Sheria ya Kuwaandikisha Wageni, ambayo ilimtaka kila asiye raia mwenye umri wa miaka 14 na zaidi aende kujiandikisha na kutoa alama za vidole. Ofisi za posta ndizo zilizopewa kazi hiyo, na kuanzia Agosti 27 hadi Desemba 26 mwaka huo foleni za wageni zilipangwa mbele ya madirisha yale yale ya kununulia stempu. Fomu iliwauliza majina waliyoyatumia walipoingia, meli iliyowaleta, urefu, uzito, rangi ya nywele na ya macho, kazi na mwajiri, vyama walivyojiunga navyo, utumishi wao jeshini na kama waliwahi kukamatwa. Baada ya karani kuwapaka wino vidoleni, waliondoka, na siku kadhaa baadaye wakaletewa kwa posta stakabadhi ndogo iliyothibitisha kwamba wameandikishwa. Stakabadhi hiyo haikumpa mtu haki yoyote. Aliyekuwa nchini kihalali na asiyekuwa kihalali waliipata sawasawa.

Vita vilipomalizika, uandikishaji haukukoma bali uliingizwa katika taratibu za kawaida za bandarini, ambako kila mgeni alipewa hati kulingana na hadhi yake, na wale waliopokewa kama wakaazi wa kudumu wakapewa kitambulisho cha kijani kilichoitwa Fomu I-151. Sheria ya Usalama wa Ndani ya mwaka 1950 ilikikweza kitambulisho hicho kwa kuamuru stakabadhi za 1940 zibadilishwe, na kwa kuwa hakuna aliyebadilishiwa bila kuthibitisha kwamba anaishi nchini kihalali, kadi ya kijani ikawa ushahidi ambao waajiri na polisi waliutambua mara moja. Sheria kuu ya uhamiaji ya 1952 ilikamilisha kazi hiyo: iliufafanua ukaazi wa kudumu kama hadhi ya kisheria inayojitegemea, ikaondoa ubaguzi wa rangi katika kupewa uraia, na wakati huohuo ikamtaka kila mgeni aliyeandikishwa mwenye umri wa miaka 18 na zaidi kuibeba hati yake wakati wote, la sivyo atozwe faini ya hadi dola 100 au afungwe hadi siku 30. Rangi ya kijani iliachwa mwaka 1964 ili kuwatatiza wenye kughushi, na kwa miongo kadhaa kadi ilikuwa ya buluu, kisha ya rangi mchanganyiko, mpaka ilipogeuzwa kuwa ya kijani tena mwaka 2010; jina lake halikubadilika katika vinywa vya watu.

Miaka hiyo ya 1950 ndiyo iliyoonyesha waziwazi zaidi jinsi mlango wa kurudi ulivyoweza kufungwa. Ignatz Mezei, fundi seremala aliyeishi Buffalo kwa miaka 25 na kuoa raia wa Marekani, aliondoka mwaka 1948 kwenda Romania baada ya kusikia kwamba mama yake yu mahututi huko. Hakuruhusiwa kuingia Romania, akakwama Hungary kwa miezi 19 akitafuta kibali cha kutoka, na alipofika New York Februari 1950 alizuiwa katika kisiwa cha Ellis kwa sababu za usalama ambazo serikali ilikataa kumweleza yeye au mahakama. Alipakiwa melini mara mbili kurudishwa Ulaya, Ufaransa ikamkataa na Uingereza ikamkataa. Hungary nayo haikumtaka, na nchi za Amerika ya Kusini alizoziomba hazikumpokea. Machi 1953 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mtu huyo alihesabiwa kama anayebisha hodi kwa mara ya kwanza, kwa hiyo hakuwa na haki ya kusikilizwa hata kama matokeo yake yangekuwa kubaki kisiwani maisha yake yote. Jaji Robert Jackson, ambaye alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Marekani katika kesi za Nuremberg, aliandika upinzani mkali dhidi ya uamuzi huo. Mezei aliachiliwa Agosti 1954 kwa huruma ya utawala, bila hadhi yake kurudishwa.

Wiki chache kabla ya hukumu hiyo, Mahakama ile ile ilikuwa imemtendea tofauti baharia Mchina, Kwong Hai Chew, mkaazi wa kudumu aliyerudi baada ya safari ya miezi minne ndani ya meli ya Marekani, ikasema kwamba safari yake haikuukata ukaazi wake na kwamba anastahili kusikilizwa. Ukilinganisha kesi hizo mbili, unaona kwamba jambo lililopimwa lilikuwa ni mahali mtu alipokwenda na muda aliokaa, si mizizi aliyoiacha nyuma. Ulegevu kiasi ulikuja mwaka 1963 katika kesi ya George Fleuti, Mswisi aliyekwenda Ensenada nchini Mexico kwa saa chache tu. Serikali ilidai kwamba aliporudi alikuwa ameingia upya, na kwa hiyo angeweza kuondolewa kwa sababu zilizomhusu mtu anayeingia, lakini Mahakama ilikataa na kuamua kwamba matembezi mafupi yasiyo na nia mbaya hayageuzi kurudi kuwa kuingia upya. Kanuni hiyo iliwalinda wakaazi kwa miaka 33.

Njia za kuupata ukaazi zilipanuka zaidi mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini, chini ya Sanamu ya Uhuru, sheria iliyofuta migawo ya 1924 na kuweka mahali pake vipaumbele vya undugu na ujuzi. Kwa Waafrika matokeo hayakuonekana haraka. Wanafunzi wa Afrika Mashariki waliosafirishwa kuanzia mwaka 1959 kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya walikwenda kwa viza za masomo na matumaini ya kurudi kuzijenga nchi zao, na wengi walirudi. Kwa kuwa undugu ndio uliokuwa mlango mkuu, asiye na ndugu aliyetangulia hakuwa na wa kumwombea. Sheria ya Wakimbizi ya 1980 ilifungua njia nyingine kwa kumruhusu mkimbizi kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja nchini, na kwa njia hiyo Kiswahili kimefika katika miji ambayo hapo awali hakikusikika. Wabantu wa Somalia, ambao babu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania na Msumbiji, walianza kuhamishwa kutoka kambi ya Kakuma mwaka 2003, na wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliokuwa kambini Tanzania wakafuata kuanzia 2007, kisha Wakongo kwa idadi kubwa zaidi. Inafaa kukumbukwa kwamba wenzao Warundi wa 1972 waliobaki katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, takriban watu 162,000, walipewa na Tanzania uraia wa tajnisi; watu wa kizazi kimoja cha mkasa mmoja walijikuta wengine raia wa Tanzania na wengine wenye kadi ya kijani Marekani.

Mwaka 1986 uliongeza tahadhari. Sheria moja iliwahalalisha watu takriban milioni 2.7 waliokuwa nchini bila kibali, na nyingine ya mwezi uleule, iliyolenga ndoa za kughushi, ikaanzisha ukaazi wa masharti: mtu aliyepata hadhi kupitia ndoa isiyotimiza miaka miwili hupewa kadi ya miaka miwili tu, na katika siku 90 kabla haijaisha mume na mke hulazimika kuomba pamoja masharti yaondolewe, wakiambatisha ushahidi kwamba wanaishi pamoja kweli.

Mlango uliojulikana zaidi barani Afrika ulianzishwa kwa ajili ya watu wengine kabisa. Katika miaka ya 1980 vijana wengi wa Ireland walikuwa wakiishi Boston na New York bila vibali, kwa kuwa sheria ya 1965 ilidai ndugu wa karibu nao hawakuwa nao, na wabunge wenye asili ya Kiayalandi wakasukuma mipango ya viza zisizohitaji ndugu. Katika mpango wa muda ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1990, viza 40,000 zilitengwa kwa kila mwaka wa miaka mitatu na asilimia 40 zikawekwa kwa ajili ya Ireland. Maombi ya Oktoba 1991 yalipaswa kufika kwa posta huko Merrifield, Virginia, bila kikomo cha barua ambazo mtu mmoja angeweza kutuma, na watu wakasafiri hadi Virginia wakiwa na mabunda ya bahasha ili wazitumbukize karibu na mahali zitakapopokelewa. Mpango wa kudumu ulioanza mwaka wa fedha wa 1995 ulitenga viza 55,000 kwa watu wa nchi zinazotoa wahamiaji wachache, kwa kura ya bahati, kwa sharti la elimu ya sekondari au ujuzi wa kazi wa miaka miwili. Baadaye nafasi hizo zikapunguzwa hadi karibu 50,000. Ireland ilikwishapata ilichokitaka, na Afrika ikaja kuwa miongoni mwa wanufaika wakubwa wa bahati nasibu hiyo.

Bahati nasibu hiyo haimpi mshindi ukaazi bali humpa nafasi ya kuuomba, na wanaochaguliwa ni wengi kuliko viza zilizopo, kwa hiyo asiyekamilisha usaili kabla ya Septemba 30 ya mwaka husika hupoteza kila kitu. Mwaka 2011 watu takriban 22,000 walioarifiwa kwamba wameshinda waliambiwa baada ya siku chache kwamba programu ya kompyuta ilikosea, na kura ikarudiwa upya. Watanzania walipata pigo la peke yao Januari 31, 2020, tangazo la Rais Donald Trump lilipowazuia, pamoja na Wasudani, kupewa viza za bahati nasibu. Zuio hilo liliondolewa Januari 20, 2021, wakati ambapo washindi wa mwaka wa 2020 walikuwa wamekwisha kupitwa na tarehe yao. Kwao, sawa na Chae Chan Ping, kosa lilikuwa la tarehe.

Kwa waliokwisha kuupata ukaazi, badiliko kubwa la karne ya 20 lilikuja Septemba 1996. Sheria ya mwezi huo ilifafanua upya wakati ambapo mkaazi anayerudi huhesabiwa kuwa anayeomba kuingia, ikataja miongoni mwa sababu kukaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo au kutenda makosa fulani, na hivyo ikaipokonya nguvu kanuni ya kesi ya Fleuti. Iliongeza pia orodha ya makosa yanayomfanya mkaazi afukuzwe, na ikayahesabu hata yale yaliyotendwa zamani, yakiwemo makosa ambayo kwa sheria za jimbo yalikuwa madogo na adhabu yake ilikwisha kutumikiwa. José Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyepigana Vietnam katika jeshi la Marekani na kuendesha malori akiwa mkaazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40, alikamatwa Kentucky na bangi ndani ya lori lake, akakiri kosa baada ya wakili wake kumhakikishia kwamba kwa miaka yote hiyo hana haja ya kuhofia uhamiaji. Ushauri huo ulikuwa wa uongo, kwani kosa hilo lilimfanya astahili kufukuzwa moja kwa moja. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa mshtakiwa asiye raia ana wajibu wa kumweleza hatari hiyo, na uamuzi huo ni moja kati ya kinga chache zilizoongezwa kwa wakaazi tangu 1996.

Katika utaratibu wa sasa, kadi hubadilishwa kila baada ya miaka 10 ingawa hadhi yenyewe haiishi pamoja na kadi. Mkaazi hulipa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, hutoa taarifa ya kuhama nyumba ndani ya siku 10, na mwanamume wa miaka 18 hadi 25 hutakiwa kujiandikisha kwa ajili ya utumishi wa jeshi. Anayetaka kukaa nje mwaka mmoja au zaidi anapaswa kuomba, kabla ya kuondoka, hati ya kurejea ambayo huwa na uhai wa miaka miwili, na hata mwenye kurudi ndani ya mwaka anaweza kuulizwa mpakani kama nyumba, kazi, kodi na familia yake bado viko Marekani au amekwisha kuuhama ukaazi wake. Ndilo swali linalomkabili mtu aliyekwenda Tabora au Kisumu kumuuguza mzazi kwa miezi 8 au 9, na jibu lake hupimwa kwa risiti na mikataba aliyoiacha nyuma.

Kinga ya uhakika dhidi ya swali hilo ni uraia wa tajnisi, unaoweza kuombwa baada ya miaka mitano, au mitatu kwa aliyeoa au kuolewa na raia na bado anaishi naye. Hapo sheria za Afrika Mashariki zinaingia katika historia ya kadi ya kijani moja kwa moja. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anaweza kula kiapo cha Marekani na kubaki Mkenya. Mganda na Mnyarwanda nao wanaruhusiwa uraia wa nchi mbili. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 inataka uraia wa Kikongo uwe mmoja tu, na Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 humfutia uraia mtu mzima anayejipatia uraia mwingine kwa hiari yake. Ndiyo maana wako Watanzania ambao, kwa kutotaka kuukana uraia wao, wanashikilia ukaazi kwa miaka 20 na 30, wakibaki katika hadhi ambayo historia yake yote inaonyesha kwamba inaweza kuvunjwa na safari moja ndefu au kosa moja dogo. Hadhi maalumu ambayo serikali ya Tanzania imeipendelea badala ya uraia pacha inawahusu waliokwisha kuukana uraia huo, na inagusa ruhusa ya kuingia na masuala ya ardhi. Haimsaidii aliyebaki na pasi yake ya Tanzania na kadi ya kijani mfukoni. Usalama wa mtu huyo utaamuliwa na Bunge la Dodoma kama unavyoamuliwa na Kongresi ya Washington, na wabunge watakapoujadili tena uraia pacha wanapaswa kumweka mbele ya macho yao.